Mabakuli Mawili ya Mwalimu Hao

Baada ya miaka thelathini na minane ya kufundisha siasa katika chuo chetu hapa Xi'an, Profesa Hao Suzhen anastaafu tarehe 31 Agosti 2025. Sisi humwita Mwalimu Hao, na hatuna mpango wa kubadilisha.

Alizaliwa Mizhi, kaskazini mwa mkoa wetu, katika nyumba iliyochimbwa ubavuni mwa kilima. Alipofaulu kwenda sekondari mjini, baba yake alitaka abaki achunge kondoo. Bibi yake, ambaye hakujua kusoma, aliweka mabakuli mawili mezani, moja la shule na moja la kondoo, na kumpa kila mtu wa nyumbani punje moja ya soya, kama wanakijiji walivyopiga kura enzi za ujana wake. Shule ikashinda. Hao aliondoka na gunia la nafaka la kulipia chakula chake, akaingia chuo kikuu mwaka 1983, na baadaye akapata shahada ya uzamivu huku akifundisha na kulea binti. Kitabu chake kuhusu chaguzi za vijijini husomwa hata na wasiompenda, nao wapo.

Kila Septemba wanafunzi wapya walichagua kiongozi wa darasa kwa soya zake. Mwaka mmoja kijana Shen Bowen alinaswa akimwaga konzi nzima katika bakuli la rafiki yake. Tulitarajia afukuzwe. Mwalimu Hao akampa kazi ya kulinda mabakuli hadi alipohitimu. Leo Shen ni mwalimu mwenzetu, na kwa kanuni hana mzaha.

Juni hii idara ilimwomba Mwalimu Hao abaki miaka miwili zaidi na somo lake la mwaka wa kwanza. Yeye alitaka somo hilo lirithiwe na Shen. Ubishi ukawa mkubwa, basi mabakuli yakatolewa: jeupe abaki, la buluu Shen arithi. Tukapita nyuma ya pazia mmoja mmoja. Wakati wa kuhesabu, bakuli jeupe peke yake lilikuwa na soya nyingi kuliko walimu waliokuwamo chumbani. Sote tukamgeukia Shen. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Mwalimu Hao alicheka hadi akafuta machozi.

“Wewe Shen, miaka yote hii hujajifunza tu,” akamwambia. “Basi utalifundisha somo hili mpaka likuingie.”

Hakuna aliyepinga.

Mwalimu Hao, asante. Tunajivunia kuwa watu wako. Nenda ukale tambi zako za nyama ya kondoo bila kutazama saa, na afya njema ikufuate. Septemba Shen ataingia darasani na mabakuli yako, nasi tutamkagua mifuko mlangoni.