Nisomee Mstari Mmoja

Mama Efrazia Qamara anastaafu tarehe 30 Juni 1995, baada ya kutunza kumbukumbu za shamba letu la ngano kwa miaka ishirini na minne. Alianza na taipureta, kwenye dirisha linalotazama Mlima Hanang. Kompyuta ilipoletwa mwaka 1989, aliomba iwekwe dirishani hapo hapo.

Kila Ijumaa hunakili kumbukumbu zote kwenye disketi, akazifunga ndani ya kopo la biskuti na kulituma kwa lori hadi ofisi yetu ya Mbulu, ili hapa kikiharibika kitu, kule kibaki. Kopo likifika, Patriki wa Mbulu hutoa taarifa kwa redio ya upepo. Mwingine angeridhika. Yeye hujibu, "Nimesikia, mwanangu. Sasa fungua, unisomee mstari mmoja." Madereva humtania kwamba yeye hata padri humrudisha madhabahuni asome tena.

Julai 1992, katikati ya mavuno, alikwenda likizo ya wiki nne. Kopo liliendelea kwenda kila Ijumaa. Lakini jenereta letu huzimwa saa nne watu wakanywe chai, na yeye ndiye aliyekuwa akihakikisha kunakili kumekwisha kabla. Ijumaa hizo zote kunakili kulikatika katikati, na hakuna aliyeomba kusomewa. Jumatatu aliyorudi, kompyuta haikuwaka tena.

Magunia ya mwezi mzima yalikuwa ghalani yakiwa na namba tu. Majina ya mashamba yalikuwa ndani ya mashine. Baadhi ya mashamba hayo yalikuwa na fugwe, ule ugonjwa wa masuke meusi unaoenea kwa mbegu, na mbegu ya mwaka uliofuata ilitegemea magunia hayo hayo.

Hakumlaumu mtu. Alimwomba Patriki afungue disketi za wiki moja moja, akirudi nyuma. Za wiki nne hazikusomeka. Za Ijumaa ile kabla ya likizo zilisomeka, na miaka yote ikarudi.

Kwa wiki nne zilizobaki aliwaita madereva wa kombaini, akawakalisha dirishani. Tarehe hawakuzikumbuka. Alfredi alikumbuka shamba ambalo ukungu uliteremka mlimani ukawafunika mpaka wakazima injini. Nikolausi alikumbuka korongo wakitembea taratibu mbele yake, kama wanaomwonyesha njia. Wanasema walifumba macho, na ngano iliyokwisha kuvunwa ikasimama tena mbele yao, ikipepea. Yeye aliandika shamba lipi lilivunwa baada ya lipi, akayapanga kwa mfuatano wa namba za magunia. Magunia kumi na moja hakuwa na uhakika nayo. Hakukisia, akayapeleka kusagwa. Mwaka uliofuata masuke yalitoka safi.

Mama Efrazia, tunakushukuru. Huko nyumbani Dongobesh, asubuhi zako ziwe na jua la taratibu na chai isiyo na haraka. Ijumaa ijayo kopo litaondoka bila wewe. Likifika, mimi ninayeachiwa meza yako nitashika redio, ingawa sauti yangu ni ndogo, na nitamwomba Patriki anisomee.