Mwalimu Tobia Hakustaafu kwa Hiari

Marehemu Mwalimu Tobia Shemhilu alizaliwa hapa Bungu tarehe 14 Aprili 1929, mtoto wa tatu wa Mzee Mika na Mama Paskalina, wakulima.

Alianza shule ya misheni mwaka 1938, akaendelea na shule ya kati Lushoto, kisha ualimu. Baada ya Uhuru alisomea Kiingereza Dar es Salaam, na Januari 1965 akaanza kukifundisha sekondari wilayani Lushoto. Mwanafunzi akimjibu "Yes, sir" upesi upesi, alimwuliza: "Umesikia, au umeelewa?" Wakampa jina la Mwalimu Umesikia. Alijua, akacheka.

Tarehe 8 Desemba 1956 alikuwa amefunga ndoa na Yunis. Mchungaji alipomwuliza kama anakubali, alijibu, "Nakubali, tena nimeelewa." Kanisa zima likaangua kicheko.

Sasa tumefika mahali tulipoombwa tupite haraka. Hatupiti.

Juni 1971 alikuja mtaalamu mgeni kuhimiza kilimo cha matuta, yaleyale tuliyolazimishwa na Mwingereza. Mwalimu aliitwa atafsiri. Mgeni alipomaliza, mzee mmoja alisimama, akasema, "Tumesikia," akaketi. Kila Mshambaa anajua kwamba mtu akikwambia hivyo hajakubali. Amekuheshimu tu, uende salama.

Afisa aliyemleta mgeni akanong'ona, "Mwambie wamekubali."

"Hawajasema hivyo, Ndugu," Mwalimu akajibu. "Kusikia si kukubali."

Akatafsiri lilelile lililosemwa. Kwa neno hilo moja aliandikwa kwenye faili kuwa ana kasumba ya kikoloni. Kasumba! Mtu aliyeshika jembe shamba la shule kila Jumamosi, huku waliomwandika wakipita na gari! Februari 1972 akahamishiwa Mnazi, bondeni, kulinda stoo ya majembe. Wanafunzi wake walikaa mwaka mzima bila mwalimu wa Kiingereza. Aliandika barua tatu kuomba arudi darasani, na hakuna aliyemjibu hata kwa mstari mmoja. Tuna hasira, wala hatuoni haya kuisema mbele ya jeneza.

Huko bondeni malaria ilimwandama, kisha figo. Agosti mwaka huu wa 1975 alipandishwa hospitali Lushoto kwa lori. Alifariki tarehe 3 Septemba, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Yunis. Watoto wanne, Rubeni, Kristofa, Elieta na Fanueli. Mimi dada yake, Dorkasi, ninayesoma wasifu huu. Na wanafunzi aliowafundisha kuelewa.

Jana afisa yule alimtuma tarishi wake, Mbaraka, na karatasi iliyopigwa chapa. Tumeagizwa tusome kwamba marehemu alistaafu kwa hiari kwa sababu za afya. Aliyeiandika ameketi hapa mstari wa mbele, karibu na wazee.

Kaka yetu, pumzika kwa amani; kazi yako uliifanya. Nawe Ndugu Afisa, kuhusu ile karatasi yako: tumesikia.