Jeneza Lililopita Kingerikiti Bila Kushushwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Paroko, wazee wetu wa milimani na wa mwambao wa ziwa, shikamooni, ndugu waombolezaji, mimi ni Valeria, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenituma niwasomee historia ya baba yetu, Chifu Meinrad Baltazar Ndimbo, ingawa leo naisoma nikiwa nimeinamisha uso.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Tingi, akiwa mtoto wa kwanza wa Chifu Baltazar Ndimbo na Mama Luisa, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1950 hadi 1957, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alifundishwa Kiswahili kwa bakora na hesabu kwa njaa, na mwaka 1961 akaajiriwa kupima kahawa katika chama cha ushirika huko Mbinga.

Baba yake alipofariki tarehe 2 Juni 1972, wazee walimwita nyumbani wakamkalisha kwenye uchifu, uchifu ambao serikali ilikwisha kuufuta, usio na mshahara, ofisi wala askari, kwa hiyo ufalme wake wote ulikuwa sengu, ile nyumba ambamo ukoo na wapita njia hula pamoja na kumaliza magomvi, na humo alikaa mlangoni, akanawa wa mwisho na kula kilichobaki. Mwaka 1984, vijana wetu walipowapiga wachuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay, alishuka kwa miguu mpaka ziwani kuwaomba radhi kwa niaba yetu, na ndiyo sababu ndugu zetu Waanglikana wa mwambao wamepanda mlima kuja kumzika.

Tarehe 9 Julai 1966 alifunga ndoa kanisani Kingerikiti na mama yetu, Emerensiana Hyasinti, wakajaliwa watoto sita, ambao kati yao tuliobaki ni Ignatio, mimi, Tadea na Cletus, pamoja na wajukuu kumi na mmoja.

Afya yake ilianza kuyumba mwezi Agosti 2023, miguu ikavimba, figo zikachoka, akatibiwa Mbinga kwa vipindi, hadi tarehe 3 Februari 2025 asubuhi alipofariki dunia hukohuko hospitalini, mama akiwa amemshika mkono. Kabla ya hapo alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba ashushwe njia panda ya Kingerikiti na kubebwa mabegani mpaka hapa kama baba yake, vijiji vikipokezana, na kila anayeweka bega ataje jina lake na kwao, maana kwa desturi yetu chifu habebwi na mtu asiyemjua.

Sasa nifike mahali pagumu. Sisi watoto, wengi wetu tukiwa mjini, tulikuwa tumetazama kwenye televisheni mazishi ya mfalme wa nchi za mbali, tukaona taji juu ya jeneza, askari wakitembea kwa mwendo mmoja na watu wakilia nyuma ya vizuizi, tukasema baba naye ni mfalme, basi asipungukiwe kitu. Tukamchongesha taji fundi wa Mbinga, likapakwa rangi ya dhahabu, ingawa baba hakuwahi kuvaa chochote kichwani zaidi ya kofia ya sufu, tukakodi vijana wenye glovu nyeupe, tukafunga kamba kuzunguka turubai la wageni, na ombi lake tukaliweka kando ili ratiba isichelewe.

Leo asubuhi pale njia panda tulikuta wazee wamejipanga barabarani kwenye mvua, mabega yako tayari, na magari yetu yakawapita yakipiga honi, matope yakawarukia, nao walivua kofia hivyo hivyo na hakuna aliyetutukana. Heri wangetutukana. Tulipofika hapa rangi ya taji ilikuwa imechuruzika juu ya kitambaa cheupe, na mama alipoona hivyo aliniita pembeni akaniambia, "Valeria, mmeleta mfalme wenu wa kwenye televisheni, mume wangu mimi mmemwacha wapi?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbinga, Baba Paroko, majirani waliopika na kuchimba kaburi, na wenzake wa ushirika, na zaidi inawaomba radhi hadharani wazee wa Kingerikiti, ambao wamemfuata chifu wao kwa miguu na sasa wamesimama nyuma ya kamba yetu. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa ruhusa yako ratiba inaishia hapa, taji limeondolewa, Cletus anafungua kamba, na safari iliyobaki, kutoka hapa mpaka kaburini, ni fupi mno kwa heshima tuliyowanyima, lakini ndiyo tuliyo nayo.

Karibuni mbebeni, wa Kingerikiti kwanza, kisha wa mwambao, kisha wa Tingi.

Baba, pumzika kwa amani mikononi mwa watu wako, nasi watoto wako tutaweka bega wa mwisho, na tutataja majina yetu kwa sauti, maana kwa tuliyoyafanya leo hatuna hakika kama bado unatujua.