Papa Cyprien na Bon ya Jua

Tarehe 31 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Papa Cyprien Lukumani anastaafu na kutuachia daftari, mihuri miwili na ua wa wodi ya kiharusi, ambao hakuna aliyewahi kuukanyaga bila idhini yake. Hospitali imeniomba mimi, Malika wa maabara, niandike wasifu wake. Nitaandika ukweli, na akinuna, anune: kesho hana muhuri tena.

Aliajiriwa mwaka 1991 kuanika magodoro. Wodi ile iko nyuma ya miti, na mvua ya Kisangani mnaijua. Godoro lisipotolewa juani linaota ukungu. Siku moja Mama Khadija, muuza vitenge wa soko la Tshopo, alikataa kushuka kwenye godoro lake. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kulia, lakini wa kushoto uling'ang'ania barabara. Papa Cyprien si mtu wa kubishana na mama wa sokoni. Akaanika vyote viwili.

Kesho yake wodi nzima ilitaka kuanikwa. Watu walisukumana kwa magongo, ndipo akaanzisha bon ya jua: kikaratasi chenye jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi na muhuri. Asiye na bon hakanyagi juani. Asiye mgonjwa hapewi bon. Sheria ni sheria. Wajanja walipoanza kubadilishana bon kwa chikwangue, ile mikate ya muhogo, miwili kwa bon ya saa nne asubuhi, akaongeza muhuri wa pili.

Siku za mawingu aliandika daftarini: "Jua: absent, bila ruhusa." Mwaka mmoja jua lilipofikisha siku tisini za utoro, aliliandikia demande d'explication, barua ile ya kujieleza ambayo sisi wote tunaiogopa, na mkurugenzi wa wakati huo akaitia sahihi bila kuisoma. Wiki iliyofuata jua liliwaka siku saba mfululizo. Nilikuwepo, msinibishie.

Mwaka jana Daktari Joëlle alikuja na utafiti wa shahada yake: vitamini D kwa watu waliopata kiharusi. Alichukua damu ya wagonjwa arobaini waliokaa wodini miezi, na ya wafanyakazi arobaini wenye afya ili alinganishe. Alitarajia wagonjwa wawe chini. Majibu yalipotoka Kinshasa, wagonjwa walikuwa juu, na sisi wazima tunaoshinda ofisini tulikuwa chini! Maskini, alilia akiona shahada inamponyoka, kisha akaniuliza kama nilichanganya chupa. Hapo nilikasirika. Nilimshika mkono nikampeleka hadi uani, akaona vitanda vimepangwa juani na Papa Cyprien anagonga mihuri. Shahada ikapona.

Lakini kati ya damu zote themanini, moja ilikuwa chini kabisa, chini hata tukadhani mashine imekosea. Ilikuwa ya Papa Cyprien mwenyewe. Jamani! Miaka yote hiyo alisimama kivulini barazani, kofia kichwani, shati la mikono mirefu, kwa sababu hakuwa mgonjwa. Na yale maumivu ya mifupa aliyotuambia ni uzee tu, kumbe! Nilimsihi asogee mbele hatua mbili. Akanijibu: "Malika, mutoto yangu, jua ile iko ya bagonjwa." Nilirudi maabara nikalia peke yangu.

Papa, asante kwa kila mtu uliyemtoa gizani. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha nyumbani kwako Simi-Simi, na mifupa isiyokusumbua.

Jambo la mwisho, na unisamehe. Juzi ulipokwenda kula, niliingia ofisini kwako nikachukua mihuri. Karatasi iliyobanwa kwenye programu yako ya sherehe hii ya kukuaga ni bon ya jua. Jina: Cyprien Lukumani. Kutoka: Agosti mosi, saa tatu asubuhi. Kurudi: nimeacha wazi. Mihuri yote miwili ipo, Papa. Sheria ni sheria. Toka.