Pijo la Agustino Linavuka Bahari

Benchi la mzee Mikidadi muuza kahawa lilikuwa pale yanapopakilia magari ya Mlali, na mwanamume mwenye kazi ya maana huwa hakai hapo. Jumatano ile mvua ilikatika saa nane mchana, mlima ukajifunika ukungu mpaka kiunoni, na Agustino akakaa katikati ya benchi na fomu ya serikali gotini. Gari lake, Pijo la abiria saba, liliegeshwa mbele yake, naye alilitazama kama bwana harusi. Mkewe, Felista, alikwenda kisiwani Mafia kusaidia ukunga kwenye zahanati. Miezi mitatu tu, alisema. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Na kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, kwa hiyo shamba alilolima Agustino na nyumba aliyolala vilikuwa vya kina Felista. Jumapili, mlangoni pa kanisa, mjomba wa Felista alimwambia bila kupunguza sauti: "Mlete mwenye shamba kabla ya kupanda maharage, au uteremke na godoro lako."

— Hebu lisome tena hilo tangazo, alisema Stefano, ambaye walimwita Injinia kwa kuwa aliwahi kubeba zege Mzumbe.

Salehe hakuhitaji kusoma. Yeye ndiye mwenye redio, na jina lake kijiweni lilikuwa Redio.

— Serikali itatoa ruzuku, alitangaza, akikaza sauti. Gari la abiria likipandishwa melini kwenda visiwani, nusu ya nauli ya gari inalipwa na serikali. Fomu zirudishwe leo, kabla ya saa kumi.

— Na sasa saa ngapi?

— Tisa na kidogo. Kunywa kahawa.

Agustino alikunywa. Bahari hakuwahi kuiona. Alijua tu ukungu wa alfajiri, unapojaa bondeni chini ya shamba mpaka nchi nzima ikapotea, vikabaki vilele. Basi akaliona Pijo likiteleza juu ya ukungu ule, polepole, bila sauti, na upande wa pili Felista kasimama na kanga yake ya kijani.

— Mzee Mikidadi, wewe mtu wa pwani, aliuliza. Gari likiwa majini, dereva anawasha injini?

— Unaizima, mwanangu. Meli ndiyo inatembea.

— Haiwezekani! Injinia aliruka. Ukizima, breki zinalala. Likija wimbi, gari linarudi Dar kwa kinyumenyume. Lazima uwashe, uweke gia ya kwanza, ulisaidie jahazi.

— Meli, siyo jahazi.

— Vyovyote. Magari ishirini yakikanyaga moto pamoja, ile meli inafika kabla ya wakati. Ndiyo maana serikali inalipa nusu! Hiyo nusu nyingine ni kazi ya injini zetu. Ujamaa huo, ndugu zangu.

Redio alitikisa kichwa kwa huruma.

— Injinia, umekosa shule. Serikali inataka magari yazoee maji. Mwaka huu yanabebwa, mwakani yanaogelea. Wakishaona yamezoea, wanayapanga bampa kwa bampa mpaka Mafia, watu wapite juu kwa miguu.

— Daraja la mapijo?

— Ninyi mnacheka.

Agustino hakucheka. Alishaanza kupita juu ya lile daraja.

— Tatizo liko hapa, alisema Injinia, akagonga fomu kwa kidole. "Gari la abiria." Gari lisilo na abiria ni gari la abiria?

Mzee Mikidadi aliacha kusuuza vikombe.

— Afisa akichungulia akuone peke yako, Injinia aliendelea, atasema wewe unatembea na kochi lako. Ruzuku huna. Lijaze gari, Agustino! Kwa ajili yako mimi niko tayari kuteseka.

— Na mimi, alisema Redio. Nani atakusomea vibao? Nitakuja na mama mkwe, kifua kinambana, apigwe upepo wa chumvi.

— Na kaka yangu fundi, gari likikohoa.

— Katekista Andrea naye, atuombee mawimbi.

— Na mwenyekiti wa tawi. Tukimwacha atauliza kwa nini tumemwacha.

— Mimi nisipokuja, mtasalimiana vipi na watu wa kule? aliuliza mzee Mikidadi, na ndoo ya maji akaisogeza chini ya benchi kama mtu anayefunga duka.

Agustino aliandika majina yote saba, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo. Aliwaona wote ndani ya Pijo, mama mkwe wa Redio akimenya machungwa dirishani, bahari nyeupe kila upande. Hakuwahi kuwapenda watu wale kama saa ile.

Ndipo akafika Paskalia, mtoto wa mama mdogo wa Felista, kapu la kabichi kichwani.

— Shikamoo mzee Mikidadi.

— Marahaba, mama.

— Shemeji, unateremka saa ngapi? Kabichi zinanivunja shingo.

— Leo siteremki. Naandikisha safari. Nakwenda Mafia kumchukua dada yako.

Paskalia alitua kapu. Alimwangalia usoni, akaichukua ile fomu na kuisoma jina kwa jina, taratibu, kama anasoma orodha ya michango ya msiba.

— Na hawa wote unakwenda nao na kurudi nao?

— Wote, alisema Redio. Ndiyo masharti.

— Sawa. Felista atakaa wapi?

Injinia alihesabu majina kwa vidole, akafika saba. Redio akatazama mlima. Mzee Mikidadi alitikisa dele, ikasikika kahawa kidogo ikigonga chini, hakumimina.

— Kwani, alisema Paskalia bila ukali, kila Jumapili alikuwa anakwenda kanisani kwa miguu, gari lako linampita limejaa watu. Hukuwahi kumuona?

Saa ya ofisi ya posta ilionyesha kumi kasoro dakika kumi na tano. Agustino aliigeuza fomu, akatafuta mahali pa kufuta, hakuwa na ufutio. Akainuka.

— Shukeni, alisema.

— Tushuke wapi? aliuliza Redio. Tumekaa kwenye benchi.

— Shukeni wote.

Wakainuka, mmoja mmoja, wakasimama pembeni mwa benchi na vikombe vitupu mkononi, wasijue waelekee wapi.