Ukurasa wa Mia Moja na Kumi na Mbili

Mheshimiwa Chifu wetu, Mwenyekiti wetu wa chama cha ushirika Mzee Ngatia, Mchungaji Muriithi, Mwalimu Gathoni wa kisomo cha watu wazima, ndugu wageni waalikwa mliotoka Mukurweini na wengine mpaka Wamagana, akina mama wa meza za kukaushia kahawa, na wewe Peterson, mlinzi wetu, uliyesimama langoni ukijifanya husikii: nawasalimu nyote kwa furaha kubwa.

Jina langu ni Marete. Mimi ni kibarua wa kiwanda hiki cha kahawa. Natoka Tharaka, kwa Wameru, upande ule mwingine wa mlima, kwenye joto na mbuzi. Huu ni msimu wangu wa saba hapa. Mgongo wangu umechoka, hilo sitalificha hata mbele ya Chifu, lakini leo nimeamka na furaha kama mtu anayekwenda kuoa. Shuleni nilifika darasa la pili, nikatoroka. Kwa hiyo Kiswahili changu kikijikwaa, kiacheni kiinuke chenyewe.

Tuko hapa kufungua chumba cha kusomea tulichojenga kwa harambee, kwa ajili ya miaka kumi ya Uhuru. Viti vipo, na kabati lina kufuli. Ndani ya kabati kuna vitabu vya magonjwa ya kahawa, kuna Biblia, na chini kabisa kuna sanduku la hadithi aliloleta Mwalimu Gathoni. Sanduku hilo ndilo lenye kesi. Kamati imesema Mwenyekiti atatangaza leo, baada ya hotuba zote, kama hadithi zitabaki au zitarudishwa zilikotoka. Wenzangu wamenituma nizisemee. Nimepewa dakika kumi, na Mzee Ngatia ameshaangalia saa.

Ndugu zangu, mnajua kuna nini ndani ya sanduku lile? Mwalimu aliponifundisha kusoma vizuri, nikiwa na miaka thelathini na minane, hakunipa kitabu cha kufuga kuku. Alinipa mfalme anayepigana na nyoka wa vichwa vinne! Nilikisoma kwa siku tisa, kidole kikifuata mstari. Kusema kweli hakikunipendeza sana, maana katika nchi yote ya mfalme huyo hakuna mtu hata mmoja anayepika, na sijui majeshi yale yalikula nini. Lakini nilikimaliza! Kisha nikasoma cha mwanamke ambaye mchana ni mke wa mtu na usiku ni chui, na mume wake anajua, na bado anampenda. Nikasoma cha malkia aliyeacha kiti chake akamfuata mfua vyuma. Hicho nilikisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nacho juu ya gunia, wakati wa chai, na chai ikapoa.

Sasa wageni wetu watauliza, vibarua wanapata wapi nafasi ya kusoma? Hapo nieleze desturi yetu. Kuchambua kahawa mezani ni kazi ya mikono na macho. Masikio hayana kazi. Nyinyi watu wa huku mna ngwatio: leo tunalima kwako sote, kesho kwangu. Sisi tukafanya ngwatio ya kitabu. Mmoja anasimama kichwani mwa meza anasoma kwa sauti, na wenzake wanachambua sehemu yake ya kahawa. Kesho anasoma mwingine. Na ngwatio hiyo ilikuwa na sheria moja: hakuna mtu kutangulia peke yake. Anayesoma mbele kwa siri ameiba kazi ya wenzake.

Mchungaji Muriithi alikuja akatuonya kwamba majini na mapenzi yataharibu akina mama. Namheshimu Mchungaji, na nasali kanisani kwake. Lakini nauliza: kabla ya vitabu hivi, pale mezani tulikuwa tukizungumza nini? Tulikuwa tukizungumza juu ya majirani! Tangu hadithi zianze, hakuna mke wa mtu aliyesengenywa meza ya kwanza mpaka ya sita. Zuhura tu ndiye aliyesengenywa, naye hayuko duniani.

Huyu Zuhura ndiye aliyetuletea shida. Ni wa kitabu kilichong'oka jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo hatujui kinaitwaje wala nani alikiandika, na hatuwezi kununua kingine. Ni habari za zamani, wakati wa misafara ya pembe za ndovu. Mpagazi maskini, Saburi, anapendana na Zuhura, binti wa mtawala wa mji. Mimi nimebeba magunia maisha yangu yote, kwa hiyo mnajua nilikuwa upande wa nani. Saburi anafariki njiani kwa homa. Lakini tangu siku hiyo, kila mvua ikinyesha, anabisha mlango wa Zuhura mara tatu. Mganga amemwambia Zuhura: ukifungua, ama yeye atarudi kwa walio hai, ama wewe utakwenda kwa wafu, na hakuna anayejua ni lipi.

Basi siku moja ya Novemba zamu ilikuwa yangu. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Mvua inaanza. Mlango unabishwa mara tatu. Zuhura anaweka mkono kwenye komeo. Mama Wakonyo, mkubwa wa wachambuaji, akasema, "Ngai! Huyu mwandishi ni hodari. Hiyo mvua mimi naisikia mpaka kwa shingo!"

"Hata mimi," mwenzake akasema. "Ati imenilowesha kitambaa."

"Nyamazeni, wacheni Mmeru asome!" Huyo alikuwa Peterson, ambaye kazi yake ni kupiga kengele mvua ikija.

Ndugu wageni, msicheke sana. Tuliposhtuka, kahawa ya meza sita ilikuwa imelowa, na turubai zote zilikuwa zimekunjwa vizuri kabisa. Mzee Ngatia alitoka ofisini bila kofia. "Hii kitabu imekula kahawa ya watu!" akasema. "Leteni hapa. Na hakuna hadithi tena kwa meza." Nilichuma jani la kahawa, nikaliweka kwenye ukurasa wetu, nikampa kitabu kwa mikono miwili.

Leo, mbele ya wenye kahawa, nataka niseme jambo ambalo sijalisema. Kosa halikuwa la kitabu. Lilikuwa langu. Wenzangu walikuwa wameinamia meza, lakini mimi nilikuwa nimesimama, uso kwa mlima, na niliona wingu. Niliona, nikajiambia, acha nimalize mstari huu kwanza. Kwa hilo naomba msamaha kwa kila mkulima aliye hapa. Nipeni adhabu mimi. Peterson naye mwangalieni kidogo.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanichoma. Nina mke, Karambu, na binti yetu Kathure humsomea barua zangu. Miaka sita nilikuwa nikiandika, au nikiandikiwa, maneno yale yale: sijambo, mbuzi wako namna gani, kazi ni ngumu. Baada ya yule malkia na mfua vyuma, nikaandika mwenyewe. Nikamwambia kwamba nikiuona mlima asubuhi huwa nafikiri yuko nyuma yake tu, na kwamba ningekuwa na kiti cha enzi ningekiacha. Mnajua alijibu nini? "Marete, nani amekuandikia? Mume wangu ninayemjua huuliza mbuzi." Ikanibidi niape kwa barua! Alipoamini, akataka hadithi. Kila barua nikamwekea kipande cha Zuhura na Saburi, mpaka tukafika mlangoni. Barua yake ya mwisho ninayo hapa. Inasema: "Mwambie huyo mwanamke asifungue. Hapana, afungue. Baba Kathure, usirudi nyumbani bila mwisho."

Kahawa imekwisha. Ijumaa napanda basi kwenda kwetu. Na najua ataniuliza habari ya mlango ule kabla hajaniuliza habari ya safari.

Sasa namgeukia Mwenyekiti wetu, nimshukuru. Mzee Ngatia, wiki iliyopita ulinituma nihamishe kabati kutoka ofisini kwako. Kitabu chetu kilikuwa mezani. Nilikishika. Mwisho wote ulikuwa hapo, na chumbani hakuna mtu! Lakini sheria ya ngwatio ni sheria. Nilifungua kidogo tu, nione kama jani letu lipo. Halikuwepo pale lilipokuwa. Lilikuwa limehamia ukurasa wa mwisho. Na kuanzia wa mia moja na kumi na tatu, kila ukurasa ulikuwa na ugoro. Ndugu wageni, katika kiwanda hiki anayevuta ugoro ni mmoja, na ana heshima zake. Na pale mwisho kabisa palikuwa na doa la maji, la mviringo. Niliangalia madoa, sikuangalia maneno. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa mzee anaweza kuangalia ukurasa bila kuusoma. Amefanya hivyo nusu ya maisha yake.

Paa la ofisi yako halivuji, Mzee. Nalijua, mimi ndiye niliyelipigilia misumari.

Simtuhumu Mwenyekiti wetu. Namsifu! Ni mtu gani mwingine angekitunza kitabu kwa moyo namna hiyo? Wala simsemi kwa kutangulia, maana siku tulipoweka sheria hakuwa mezani petu. Ila sasa anajua ambacho sisi hatujui, na ndani ya ngwatio mtu wa namna hiyo hulipa kwa njia moja tu. Anasoma.

Kwa hiyo, Mzee Ngatia, zamu ni yako. Kabla hujatangaza hukumu ya sanduku lile, tusomee. Leo hakuna kahawa mezani. Peterson ameniahidi kwamba anaangalia wingu, na mimi ninamwangalia Peterson. Msimu ujao Mama Wakonyo na wenzake watachambua sehemu yako, wamekubali wote. Ukimaliza kusoma, simama mbele yetu useme kama kitu kilichokutoa chozi ni upuuzi wa kurudishwa. Ukisema hivyo, tutakubali, nami nitalibeba sanduku mwenyewe mpaka barabarani.

Kitabu kiko mfuko wa kushoto wa koti lako. Nakiona pembe.

Asanteni sana kwa kunivumilia, nyote mlioketi na mliosimama. Nimemaliza yangu. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, Mzee: mvua inanyesha, na mkono wa Zuhura uko kwenye komeo.