Mama Atauliza: Kumbukumbu ya Dokta Walburga Gama

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Bombambili, mlioko Mpitimbi, na nyinyi wa Tunduru mnaotupata kwa kubahatisha, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Dokta Walburga Gama, mtafiti, mzaliwa wa Mpitimbi. Ametutoka Machi mwaka huu, 1996.

Wengi mlimfahamu kama mama wa baiskeli ya bluu, aliyesimama njiani kupiga soga na watoto huku wakubwa wakisubiri salamu. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alichunguza jinsi akili ya mtoto inavyokua, akauliza na swali la wanafalsafa: mtu anajuaje yaliyomo moyoni mwa mwenzake? Aliandika makala tisa. Nane zilitajwa na watafiti wa nchi nyingi. Kwa mtafiti, kutajwa ndiyo heshima: mwenzako anaandika, kisha anakiri, hili nimelipata kwa fulani. Nane zilitajwa. Moja haikutajwa kabisa, na hiyo ndiyo aliyoipenda.

Mumewe, Mzee Dastan, fundi seremala wa Bombambili, anaikumbuka ilivyoanza. Ilikuwa 1984. Alimchongea mkewe vidoli viwili vya mninga, mama na shangazi, wakaenda navyo Mpitimbi. Mchezo ulikuwa huu. Mama anaweka karanga kwenye kapu, anakwenda kisimani. Huku nyuma, shangazi anazihamishia kwenye chungu. Je, mama akirudi atazitafuta wapi? Wataalamu wa ng'ambo walishaamua: mtoto mwenye akili iliyokomaa atasema kwenye kapu, maana mama hakuona zikihamishwa.

Careen, mtoto wa miaka minne, aliviangalia vidoli, akamwangalia Dokta kwa kumhurumia.

"Hatafuti," akasema. "Mama atauliza."

Dastan alicheka mpaka akakaa chini. Maana ndivyo ilivyo, wasikilizaji. Mpitimbi, mama akitoka kisimani haanzi kupekua jiko. Anaita tangu uani, na waliobaki nyumbani wanamwambia kilichohama.

Dokta aliandika makala, akaiita "Mama Atauliza". Jarida kubwa la nje likamjibu: tutaichapa, ila jibu la mtoto huyo lihesabiwe kosa.

"Si uwaandikie wanavyotaka, Mama Noela," Dastan alimwambia. "Jina lako litoke."

"Careen hajakosea, Baba Noela. Wewe mwenyewe ukirudi, huniulizi?"

Akakataa. Makala ikatoka kwenye kijarida cha hapa nchini, karatasi yake rangi ya unga wa dona. Basi, ikawa kimya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sukari ilirudi madukani, mitumba ikajaa sokoni, lakini maktaba ya chuo alikofundisha, Dar es Salaam, haikuwa na fedha za kigeni za kuagiza majarida. Kwa hiyo hakuweza hata kujua. Labda mtu mahali fulani amemtaja. Labda hakuna. Kila likizo aliposhuka kwenye basi, vumbi mpaka kwenye kope, Dastan alimwita kutoka karakana kabla hajatua mzigo:

"Umetajwa?"

"Bado."

Alipougua, alirudi Bombambili moja kwa moja. Siku moja alimwambia mumewe neno ambalo mzee huyu analirudia hadi leo: "Watu wamenisoma sana, Dastan. Lakini pale nilipokuwa mimi mwenyewe, hakuna aliyepita."

Siku ya mazishi, mgeni kutoka chuoni alisoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, makala moja baada ya nyingine, na nchi zilikotajwa. Nane. Akakunja karatasi.

Mzee Dastan alisimama. "Samahani, mwalimu. Na ile ya Careen?"

Mgeni hakuijua. Watu wakatazamana. Ndipo binti wa sekondari akainuka katikati ya akina mama, machozi yanamtoka. Ni Careen. "Mimi ndiye niliyesema mama atauliza," alisema. Na bibi mmoja nyuma yake, bila kupunguza sauti: "Sasa hapo kosa liko wapi? Si ndivyo tunavyofanya?"

Laiti Dokta angesikia. Nasema kwa uchungu, laiti angesikia.

Tulipomtembelea Mzee Dastan, kile kidoli cha mama kilikuwa dirishani. Alitafuta miwani yake kila mahali, kisha akageukia chumbani: "Mama Noela, miwani umei..." Akageuka tena kwetu.

"Bado namuuliza," alisema. "Nikifika uani naita. Binti yangu Noela ananiambia, baba, nyamaza tu, utajiumiza. Nitanyamazaje? Nyumba nzima vitu vimehama, na aliyekuwa ananiambia viko wapi ndiye hayupo."

Kwa Mzee Dastan, kwa Noela, kwa ukoo wa Gama na watu wote wa Mpitimbi, tunatoa pole za dhati. Mungu amweke mahali pema. Nanyi wasikilizaji, leo mkirudi nyumbani, iteni tangu uani. Ulizeni, maadamu yupo wa kuwajibu.

Na Mzee Dastan, shikamoo. Kama redio yako iko wazi, ile makala inaitwa "Mama Atauliza", imeandikwa na Walburga Gama, na haya yote tumeyapata kwake. Leo katajwa.